Mzani wa getini unapima kilo. Usingizi unapimwa wapi?

Mada: Mgumu, yaani mpagazi anayepanda Kilimanjaro, akifika getini kinachopimwa ni mzigo, kilo 20 za kampuni. Wapo wanaotaka kampuni za Moshi zibanwe pia kwenye mapumziko kati ya tripu na afya ya akili. Wengine wanasema hayo ni mambo ya mtu binafsi. Semeni, mkitaja kazi na mtaa wenu.

Usalama, Pasua: Si ya binafsi. Kifaa kikuu cha usalama kule juu ni kichwa cha gaidi, yaani kiongozi wa wapandaji. Usiku wa kilele wanaondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kwenye saa sita usiku, naye kalala kwa mang'amung'amu tu. Alfajiri ndiye anayeamua nani ashushwe. Ubongo ukianza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, mgeni akitembezwa kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine huyumba. Hapo anashuka papo hapo, hakuna kusubiri kuche. Gaidi wa tripu ya tatu mfululizo ataliona hilo yumbo?

Kampuni ndogo, Shanty: Hesabu hamjaipiga. Mgumu analipwa kwa siku za mlimani. Mpumzishe siku tatu, anavuka barabara anapanda na kampuni nyingine. Aprili mvua, kazi hamna, kwa hiyo Julai anaunganisha. Na nani ataandika kwenye fomu kwamba akili haijakaa sawa? Jina linafutwa kwenye orodha ya kazi.

Muuguzi wa afya ya akili, Rau: Ndiyo maana fomu hiyo haifai. Mtu mnayemwita mgumu, ukimuuliza kama ana shida ya akili atasema hana. Uliza vinavyohesabika: umeshuka lini, umelala kwa saa ngapi usiku mbili hizi. Pakitokea kifo, msiwakusanye getini Mweka mkawalazimisha kusimulia walichokiona. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo. Wape chakula, simu ya kupiga nyumbani, usafiri, na maelezo kamili ya kilichotokea, maana pasipo maelezo lawama huota. Wapigiwe baada ya wiki moja, tena wiki ya nne. Ndoto mbaya za siku za mwanzo si ugonjwa. Zikivuka mwezi, au akianza kuzizima kwa gongo, apelekwe hospitali. Wanaosahaulika kila mara ni waliobeba machela. Anaulizwa gaidi mkuu peke yake.

Usalama, Pasua: Shanty, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Huyo wa kuvuka barabara anakamatika: majina ya wafanyakazi si yanaandikwa getini? Linganisheni tarehe ya kushuka na ya kupanda. Siku moja ya mapumziko ilipwe nusu posho, iingie kwenye bei ya mgeni.

Kampuni ndogo, Shanty: Tripu ya siku saba, sawa. Ya njia ya Marangu siku tano, mgeni anabishania dola kumi. Hiyo nusu nimpelekee nani?