Tupeane uzoefu: Gitaa limetyuniwa, lakini ukipanda shingoni sauti zinakosea

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, jana nilisikia kwaya yetu ikisindikizwa na gitaa kavu ambalo nyuzi wazi zilikuwa sawa kabisa, lakini mpigaji alipovuka freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 7 kila sauti ilikipita kinanda kwa juu. Waliowahi kuutibu ugonjwa huu watueleze.

Mpiga Rizimu: Anza na nyuzi mpya, kwa sababu nyuzi zilizoliwa na jasho na kutu hazina unene ulio sawa.

Seremala wa Tanga: Pima kwanza. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikie mlio mwembamba, kisha bonyeza hapohapo. Sauti hizo mbili zinapaswa kulingana. Ya kubonyeza ikiwa juu, mahali uzi unapoegemea kwenye mfupa wa daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa) parudishwe nyuma. Ikiwa chini, pasogezwe mbele. Mimi huchonga mfupa wa ng'ombe kwa tupa, na uzi wa B, wa pili kwa wembamba, huuegemeza nyuma kuliko majirani zake.

Msikilizaji: Naunga mkono. B ndiyo msumbufu.

Mpiga Solo: Napinga. Nyuzi zikikaa juu mno, kidole huzivuta zinapobonyezwa na sauti hupanda. Kaza chuma cha ndani ya shingo, sugua mfupa kwa chini, ndipo upime.

Seremala wa Tanga: Chuma kile hunyoosha shingo iliyopinda tu. Kama shingo imenyooka, usimshauri mtu akikaze.

Mama Kwaya: Mmenikumbusha harusi moja Dodoma. Dereva aliliacha gitaa letu garini, juani, tangu asubuhi. Tulipolitoa, nyuzi wazi zilikuwa zimeshuka na zilizobonyezwa zilipanda, wala hatukujua kwamba gundi imelegea na daraja limeinuka kwa nyuma. Mpigaji akaendelea kukaza. Bibi harusi alipofika katikati ya ukumbi, daraja liling'oka kwa kishindo, nyuzi zikamchapa mpigaji mkononi, nasi tukamaliza wimbo kwa sauti tupu huku mama mzazi akilia. Tafadhalini, kabla ya kuchonga chochote, jaribuni kupenyeza karatasi chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia, legezeni nyuzi.

Mpiga Rizimu: Pole sana, mama. Mkono ulipona?

Mama Kwaya: Ulipona, ulikuwa mkwaruzo. Fundi alikwangua gundi ya zamani, akabandika upya na kubana kwa jiriwa usiku kucha.

Mwalimu wa Kinanda: Msidai pia kisichowezekana. Katika mpangilio wa sauti 12 zilizoachana sawa, kama wa kinanda, tatu kuu (umbali wa do hadi mi) huzidi ile safi kwa takriban senti 14 (senti ni sehemu ya mia ya nusu-sauti), kwa hiyo ukiushusha uzi wa B hadi kodi (sauti zinazopigwa pamoja) ya G ikupendeze, ya E itaharibika.

Mpiga Solo: Na zikipotoka freti za kwanza peke yake, tatizo liko upande wa kichwa: mifereji inayopitisha nyuzi ina kina kifupi. Ichimbwe kidogokidogo.

Mleta mada: Karatasi imeingia. Nimelegeza nyuzi zote, na kesho gitaa linakwenda kwa fundi.