Naomba ushauri: kibwagizo cha shairi langu la ndoa

Habari zenu wapenzi wa ushairi. Naandika tarbia (shairi la mistari minne kila ubeti) ya beti saba kuhusu ndoa, mizani (silabi) 8 kwa 8 kila mstari. Kibwagizo, yaani mstari wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, ni hiki:

Ndoa ni shamba jamani, palilieni daima.

Beti tano za mwanzo kinaimbika vizuri. Shida ni ubeti wa sita: mume kafiwa na mkewe, na agizo lile hapo ni kama kumsuta mfiwa. Linaniuma kweli. Nimejaribu "tumepalilia daima", mizani ikawa 9. "Tulilipalia vyema" inatimia, ila "daima" imepotea, nayo ndiyo roho ya shairi.

Je, nikikibadili ubeti huo tu, bado ni kibwagizo? Au niweke kiishio, yaani mstari wa mwisho usiorudiwa, kipya kila ubeti?