Mjadala: Je, Yoabu aliingia mji wa Wayebusi kwa kupanda Shimo la Warren?

Mtoa mada:
Wahubiri na waongoza watalii bado wanatwambia kwamba watu wa Daudi waliuteka mji wa Wayebusi, yaani Yerusalemu, kwa kupanda Shimo la Warren, shimo la wima ndani ya mwamba karibu na chemchemi ya Gihoni. Tuache hadithi hii. 2 Samweli 5:8 ina neno la Kiebrania *tsinnor*, ambalo wengi hulifasiri "mfereji wa maji", lakini Yoabu, jemadari wa Daudi, hayumo. Yoabu yumo 1 Nyakati 11:6, na huko hakuna *tsinnor*. Tumeshona vitambaa viwili tukakiita kanzu.

Mchangiaji wa 2:
Taratibu mkuu. Ni tukio lilelile linasimuliwa mara mbili, kuunganisha si dhambi. Na shimo linapandika: Charles Warren mwenyewe, Mwingereza aliyeligundua, alilipanda 1867 kwa jukwaa la mbao, na urefu wake ni kama mita 13 tu.

Mchangiaji wa 3:
Kupandika si hoja. Swali ni kama mdomo wa juu ulikuwa wazi. Wanaakiolojia Reich na Shukron walianza kuchimba pale 1995 wakakuta kwamba njia ya chini kwa chini ya zama za Wakanaani ilipita *juu* ya shimo bila kuligusa. Shimo ni mwanya wa asili katika mwamba wa chokaa. Kwa maelezo yao, wachongaji wa karne ya 8 KK walipoteremsha sakafu ya ile njia ndipo wakautoboa. Daudi tunamweka karibu 1000 KK. Kwa hiyo mpandaji angegonga kichwa kwenye mwamba.

Mchangiaji wa 2:
Tarehe zenyewe zinagombaniwa. Mwaka 2017 vipimo vya kaboni chini ya Mnara wa Chemchemi, ngome iliyoilinda Gihoni, vilitoa karne ya 9 KK, wakati wachimbaji walisema karne ya 18 KK.

Mchangiaji wa 3:
Hilo linakuumiza wewe zaidi. Mnara ukiwa wa karne ya 9, ngome ya chemchemi inakuwa changa kuliko Daudi. Ila nikubali, waliojibu vipimo wanasema huenda ni ukarabati wa mnara wa zamani.

Mchangiaji wa 4:
Mnabishania mwamba, neno lenyewe hamjaligusa. *Tsinnor* limo mara mbili tu katika Biblia ya Kiebrania. Mahali pengine ni Zaburi 42:7, kwenye maji yanayoporomoka. Kitenzi kilichoko 5:8 ni cha kugusa au kufikia. "Kupanda" kumeongezwa na wafasiri. Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, imeweka jambia, maji hayamo kabisa! Ukisoma "aufikie mfereji", inatosha kuwa waliteka maji. Mji uliokatiwa Gihoni wakati wa kiangazi unabaki na maji ya akiba tu.

Mtoa mada:
Hapo nakubali. Mfereji unaweza kubaki, shimo liondoke. Tena aliyewazidi nguvu walinzi wa chemchemi angeweza kuifuata ile njia ya juu hadi ndani, bila kupanda mita 13 za ukuta wenye utelezi.

Mchangiaji wa 5:
Na hao Wayebusi mna hakika walikuwepo? Barua za Abdi-Heba, mtawala wa mji huo, zilizopatikana Amarna huko Misri, za karne ya 14 KK, zinauita mji Urusalim. Yebusi haimo.

Mchangiaji wa 4:
Haimo, lakini mtunzi aliyebuni kabila la kuangamizwa asingemwacha Arauna Myebusi akimiliki kiwanja cha kupuria baada ya ushindi, na Daudi akimlipa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Waamuzi 1:21 nayo inasema walikaa pamoja na Wabenyamini. Kwa hiyo hata anayesema "waliuteka" atuambie kwanza waliuteka kutoka kwa nani, na hao watu walikwenda wapi.