Grafu ya korona Kenya 2020–21: mbona laini inaruka kama msumeno?

mwanatakwimu_KLF:
Wadau habari zenu. Niko na mradi wa chuo, nimechukua data ya kesi za korona Kenya toka ile ya kwanza 13 Machi 2020 mpaka mwisho wa 2021, nimeichora kwa Excel sasa laini inatoka na meno meno kama msumeno, kila wiki juu chini juu chini mpaka sijui wimbi lilianza lini. Mwalimu kasema nitumie skeli ya logi, nikiiweka mlima wote unalala, yaani kama vile ugonjwa haukuwa kitu. Halafu Tanzania niliyoiweka pembeni nilinganishe imesimama tu kwenye jumla ya kesi 509 mwaka mzima. Nataka mtu asiyejua hesabu akiiangalia aelewe watu walipitia nini. Nisaidieni.

BiHesabu:
Hayo meno yanatokana na kalenda. Wikendi sampuli zinazopimwa ni chache na majibu yanachelewa, katikati ya wiki yanakuja kwa pamoja. Tumia wastani wa siku 7, yaani kila siku jumlisha kesi za siku hiyo na za siku sita za nyuma yake, gawanya kwa 7, mawimbi yatajitokeza yenyewe, ila kilele kitachelewa kama siku tatu hivi. Namba za kila siku usizifute, ziache nyuma kwa rangi hafifu.

Logi ina kazi yake. Pale, kutoka 100 kwenda 200 ni hatua sawa na kutoka 1,000 kwenda 2,000, kwa hiyo laini ikinyooka kwenda juu ujue ugonjwa unajizidisha kwa kasi ileile. Kwa miezi ya mwanzo inafaa sana. Ila ukitaka kuonyesha mzigo uliofika hospitali, baki na skeli ya kawaida.

mdau_wa_Likoni:
Mimi naongeza moja na naomba usiipuuze, kesi ukizichora peke yake utapotosha watu. Kesi ni wale tu waliopimwa. Leo upime 1,000 upate 50, kesho upime 4,000 upate 200, laini imepanda mara nne na kiwango cha waliokutwa nayo bado ni 5% ileile. Kagwe, waziri wa afya wa Kenya wakati huo, na wenzake walikuwa wakitangaza sampuli zilizopimwa pamoja na waliokutwa nayo, so namba zote mbili unazo, chora asilimia chini ya grafu ya kesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) Mei 2020 walisema ikikaa chini ya 5% kwa wiki mbili ndo dalili kwamba mlipuko umedhibitiwa. Sasa angalia Machi 2021, Kenya ilipita 20%, na tarehe 26 serikali ikafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Weka alama hiyo tarehe.

Mtu_wa_Tanga:
Ndugu yangu hiyo 509 usiiache hivyo tafadhali. Ni ya mwanzoni mwa Mei 2020, kesi 509 na vifo 21, baada ya hapo takwimu zikaacha kutolewa na faili la data likawa linarudia namba ya mwisho kwa zaidi ya mwaka. Ukitafuta kesi mpya za kila siku utapata sifuri, sifuri, sifuri, na mtu ataamini huku kulikuwa shwari. Tulizika watu jamani. Laini ikate palepale, andika pembeni "takwimu zilisimama hapa", na ukichora ramani tupake kijivu, usitupe rangi ya nchi yenye wagonjwa wachache.

mwanatakwimu_KLF:
Nimewapata, asanteni sana. Na wale ambao hawakupimwa kabisa nawaonyeshaje?

BiHesabu:
Kuna utafiti wa hapohapo kwenu, wa KEMRI Kilifi, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Walipima kingamwili (alama mwili unazotengeneza ukishaambukizwa) kwenye damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020, wakakadiria 4.3% walishaambukizwa, Mombasa ikiwa juu zaidi. Mwisho wa Mei kesi zilizothibitishwa nchi nzima zilikuwa kama 2,000 tu, kwenye nchi ya watu milioni 47! Hiyo 4.3% iweke kama nukta kwenye grafu yake yenyewe, na uchore kimstari cha wima cha kiwango cha makosa, maana ni makadirio, na uandike pembeni kwamba wachangia damu ni watu wazima wenye afya, wazee na watoto hawamo.