Naomba ushauri: Abendlied (Wimbo wa Jioni) ya Rheinberger kwa kwaya yenye waimbaji wachache wa tena (sauti ya juu ya wanaume)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Nafundisha kwaya ya parokia, na siku hizi nimezama kwa mtunzi Josef Rheinberger, mzaliwa wa Vaduz, Liechtenstein (1839), aliyefundisha muziki München, Ujerumani, hadi uzeeni. Wapiga kinanda wanamjua kwa sonata zake 20, lakini nyimbo zake za kwaya kwetu huzisikii kabisa, na hilo linaniuma. Misa yake ya kwaya mbili, Cantus Missae ya 1878, inatuzidi kimo, naikubali.

Ila Abendlied naitaka. Aliitunga mwaka 1855, kijana wa miaka 15! Maneno ni ya wale wanafunzi wa Emau, Luka 24:29: "Kaa pamoja nasi". Natamani tuiimbe Misa ya jioni ya Pasaka.

Shida ni sauti sita: soprano mbili, alto, tena mbili, besi. Tena nilionao ni watatu. Je, alto wazito washike tena ya kwanza, au nipunguze ziwe sauti nne? Naogopa kupunguza kutaua zile sauti zinazopokezana mwanzoni. Pia wanakwaya wangu husoma solfa (do, re, mi) tu. Kuna aliyekwisha kuiandika hivyo? Na mngeimba Kijerumani au Kiswahili?