Mjadala: Je, rezini ya kuchapia visanamu vya michezo ya mezani iuzwe kwa mtu yeyote?

Mtoa mada

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe: ipo michezo ya vita na ya masimulizi inayochezwa mezani kwa visanamu vya askari, mazimwi na mashujaa, vingi vikiwa na kimo cha takriban milimita 28 hadi 32, ambavyo mchezaji huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Mali ghafi yake ya asili ilikuwa risasi, ile metali nzito, iliyochanganywa na bati. Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kusubu askari wenye uwazi ndani, wakawa wepesi na wa bei nafuu, na kwa miongo mingi watoto wa Uingereza waliwachezea bila mzazi kuuliza swali. Leo risasi imesukumwa pembeni, na nafasi yake inagombewa na bati lisilo na risasi, plastiki za polistirini na PVC, rezini (plastiki ya kimiminika inayogandishwa) za kumimina kwenye kalibu, na sasa rezini inayogandishwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka, ndani ya printa ndogo ya 3D, yaani ya kuchapa vitu vyenye umbo, inayotosha juu ya meza ya nyumbani.

Hoja yangu inahusu hiyo ya mwisho. Ninadai kwamba isiuzwe kiholela kama inavyouzwa sasa.

Rezini hiyo ina kemikali za jamii ya akrilati. Ikishaiva sawasawa chini ya mwanga wa urujuanimno haina makuu, lakini ikiwa mbichi huwasha ngozi, na mtu akiigusa mara kwa mara anaweza kupata mzio ambao kwa kawaida haumwachi tena maisha yake yote. Kisanamu kinapotoka kwenye printa kinanata, kinatiririka, na lazima kioshwe kwa alkoholi ya isopropili, na ile spiriti iliyotumika, iliyogeuka kuwa na ukungu kama maji ya kusuuzia mchele, inabaki na rezini mbichi ambayo ni sumu kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Mbaya zaidi ni vile visanamu vikubwa vinavyochapwa vikiwa na uwazi ndani ili kuokoa mali ghafi. Mchapaji asipoacha tundu la kutolea kimiminika, rezini mbichi hujifungia humo, na baada ya wiki au miezi kisanamu kilichokwisha kupakwa rangi hupasuka na kuvuja rafuni.

Sheria zilizoibana risasi zilimtazama mtoto anayekitia kitu mdomoni. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, tangu Juni 2016 umezuia risasi kufika asilimia 0.05 katika bidhaa ambazo mtoto anaweza kuzitia mdomoni. Mtazamo huo hupima kitu kilichokamilika. Hauna la kusema kuhusu saa ambazo kijana wa miaka kumi na sita amekaa chumbani mwake, dirisha limefungwa, mikono haina glavu, akivua visanamu kutoka kwenye printa. Napendekeza rezini iuzwe kwa watu wazima tu, pamoja na glavu za nitrili na maelezo katika lugha ya mnunuzi, na muuzaji awajibike kupokea mabaki.

Fundi Kalibu

Mtoa mada, heshima yako. Nakubaliana nawe kuhusu glavu, lakini unaandika kana kwamba kabla ya printa kazi hii ilifanyika viwandani tu chini ya macho ya mkaguzi. Haikuwa hivyo. Kalibu za kusubia askari nyumbani zilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mafundi wadogo wamekuwa wakiyeyusha metali kwenye vibanda nyuma ya nyumba zao hadi leo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, bati kwenye 232, na zikichanganywa sehemu 37 kwa 63 huyeyuka kwenye 183 tu, kiwango ambacho jiko la kawaida linakifikia bila taabu. Ndiyo maana watu waliishikilia risasi kwa muda mrefu: ilikuwa rahisi, ilitiririka hadi kwenye ncha ya upanga, na bei yake ilikuwa chini.

Siitetei. Hata kuitunza ni kazi, kwani askari wa risasi wakifungiwa kwenye kabati la mwaloni, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao huwala taratibu mpaka wanageuka unga mweupe, na wahifadhi wa makumbusho wanalijua tatizo hilo vizuri. Ninachosema ni kwamba mbadala wake upo na umekwisha kujaribiwa. Mwaka 1993, watunga sheria wa jimbo la New York walipoanza kuibana risasi, kampuni ya Ral Partha ya Cincinnati ilileta aloi, yaani mchanganyiko wa metali, isiyo na risasi, iliyoiita Ralidium. Bei ilipanda, wanunuzi wakanung'unika, lakini mchezo haukufa. Tena metali ina sifa moja ambayo plastiki nyingi hazina: kisanamu kilichotoka na kasoro hurudishwa kwenye chungu kikasubiwa upya, na hakuna kinachopotea. Badala ya kuzizungushia printa sheria, tuwahimize wachezaji warudi kwenye bati.

Mwana wa Kivu

Ndugu Fundi, bati halitoki mbinguni. Linatokana na madini ya kasiteriti, na sehemu yake inachimbwa kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo. Mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, ni miongoni mwa migodi mikubwa ya bati duniani. Mwezi Machi 2025 kampuni ya Alphamin, inayouendesha, ilisimamisha kazi pale waasi wa M23 walipokuwa wakisonga mbele kuelekea huko, ikarejea mwezi uliofuata. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010, katika kifungu cha 1502, inazitaka kampuni zilizosajiliwa kwenye soko la hisa zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake kwa waingizaji wakubwa tangu Januari 2021. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, wanunuzi wengi waliona ni nafuu kukimbia kuliko kufuatilia, na serikali ya Kinshasa nayo ikafunga uchimbaji Kivu na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, kwa hiyo mchimbaji mdogo asiye na bunduki ndiye aliyelala njaa.

Sisemi msinunue visanamu vya bati, maana karibu nusu ya bati la dunia huishia kwenye kulehemu vifaa vya kielektroniki, na sehemu ya visanamu ni tone tu. Nasema anayeiita metali safi ataje imetoka shimo gani.

Mtoa mada

Hoja ya Mwana wa Kivu naipokea, na kwangu inaongeza uzito wa niliyoyasema: kila nyenzo ina mtu anayeumia kabla haijafika mezani, na tumezoea kumhesabu mchezaji peke yake. Kwa Fundi Kalibu najibu kwamba mwenye kuyeyusha metali anaona moshi na anahisi joto, kwa hiyo anajihadhari. Rezini inanukia kidogo tu na haichomi papo hapo.

Mpaka Rangi

Mmesahau suala la fedha, nalo ndilo linaloamua. Visanamu vya polistirini, ambavyo gundi yake huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, vinahitaji kalibu za chuma zenye gharama kubwa mno kwa mtengenezaji mdogo. Kampuni kubwa ya visanamu, Games Workshop ya Nottingham, inazimudu, na hata hiyo ilipohamisha visanamu vyake vingi vya metali kwenye rezini mwaka 2011, ikiiita Finecast, wanunuzi walilalamika kuhusu vitundu vya hewa usoni na panga zilizopinda. Kampuni ya Reaper ya Texas ilichagua PVC, ikakusanya zaidi ya dola milioni 3.4 kwenye Kickstarter, mtandao wa kuchangisha fedha, mwaka 2012. Ni imara, kikianguka hakivunjiki, lakini mkuki hutoka umejikunja na lazima uuchovye kwenye maji ya moto, uunyooshe, kisha uutie kwenye maji baridi. Siku hizi kuna Siocast, plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu za silikoni, ambayo mabaki yake husagwa yakatumika tena. Kampuni ya Warlord Games imeifuata njia hiyo. Mimi naona ndiyo yenye matumaini zaidi, ingawa ukijaribu kukwangua kwa kisu ule mstari unaoachwa na kalibu, unachanika nyuzinyuzi badala ya kutoka laini.

Lakini angalieni: kisanamu cha mfano kinachotengenezewa kalibu hizo zote, za bati na za Siocast, siku hizi kwa kawaida chenyewe huchapwa kwa rezini. Mkiiwekea rezini masharti mazito, mchongaji wa pekee ndiye atakayekwama, ilhali kampuni kubwa zitalipa na kuendelea. Na mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye leo ananunua faili la kompyuta lenye umbo la kisanamu na kuchapa mwenyewe badala ya kulipia usafirishaji na ushuru kutoka Uingereza, atarudi kutazama picha. Umri na glavu sawa. Hilo la muuzaji kupokea mabaki halitekelezeki: dumu la spiriti chafu mtu wa Mwanza alipeleke wapi?

Mtoa mada

Swali ni la haki, na pendekezo la kupokea mabaki naliondoa kwa nchi ambazo hazina vituo vya taka za kemikali. Badala yake maelezo ya chupani yaagize hivi: spiriti chafu iwekwe kwenye chombo kinachopitisha mwanga, kifuniko kikazwe, kiachwe juani mbali na moto na watoto. Rezini itaganda na kutuama chini kama tope. Spiriti ya juu ichujwe kwa kitambaa na kutumiwa tena, na kitambaa chenye tope kianikwe juani hadi kikakamae kabisa, ndipo kitupwe. Wachapaji wenye uzoefu wanafanya hivyo tayari, ila maelezo hayo aghalabu hayapo kwenye chupa.