Je, huduma za lazima ziuzwe au zibaki mali ya umma?

Wanaotetea ubinafsishaji husema kwamba serikali haijui biashara, kwa hiyo maji, umeme na simu viuzwe vyote. Wapinzani wao husema kwamba huduma ya lazima haipaswi kumtajirisha mtu. Mimi naona pande zote mbili zinaweka kapu moja vitu visivyofanana.

Swali la kwanza liwe hili: mteja akichoshwa na mtoa huduma, anaweza kumhama? Kwenye simu za mkononi anaweza, kwa sababu kampuni kadhaa husimika minara katika eneo moja na kugombea wateja wale wale. Hapo sioni kwa nini serikali ing'ang'anie umiliki, wala sidhani kama yupo anayeitamani tena enzi ya kusubiri laini ya mezani kwa miaka.

Maji ni suala jingine kabisa. Hakuna atakayetandaza mabomba ya pili ili ashindane na ya kwanza, kwa hiyo anayeyauza hauzi biashara bali ukiritimba. Mwaka 1989 serikali ya Uingereza iliziuza mamlaka za maji za England na Wales baada ya kuzifutia madeni, na katika miaka iliyofuata kampuni zilizozirithi zikajilimbikizia madeni mapya ya mabilioni ya pauni huku zikiwalipa wanahisa gawio. Jiji la Paris, ambako kampuni binafsi zilisambaza maji kwa mkataba, liliirudisha huduma hiyo mikononi mwake mwaka 2010.

Nitajibiwa kwamba mdhibiti mkali angetosha. England imekuwa na mdhibiti, Ofwat, tangu mauzo hayo, na madeni yalikua mbele ya macho yake. Lakini nakiri kwamba shirika la umma ambalo bei zake hupangwa kwa kuangalia tarehe ya uchaguzi hukosa fedha za kukarabati mabomba, achilia mbali kuyafikisha kwa wasio nayo.

Umeme unagawanyika: wazalishaji wanaweza kuwa wengi, ila gridi ni moja, nayo ibaki ya umma. Kigumu zaidi ni intaneti ya majumbani, kwa kuwa mara nyingi nyaya zinazoingia nyumbani ni za kampuni moja tu. Napendekeza mwenye nyaya, awe serikali au mtu binafsi, alazimishwe kuwakodishia washindani wake kwa masharti yale yale anayojipa mwenyewe. Anayeona kwamba sharti hilo litawafukuza wawekezaji aeleze ni kwa njia gani nyingine mteja huyo atapata pa kuhamia.